Mtangazaji Anajua Jibu

Emérithe aliporudi kazini jioni ile ya Jumatatu, alimkuta mumewe ameishika rimoti karibu na mdomo, kama watu wanavyoshika kipaza sauti, akimkodolea macho mwanamke mmoja wa Marekani aliyekuwa akirukaruka kwenye televisheni kwa sababu alikuwa amekisia bei ya jokofu na akapatia. Kipindi chenyewe kilirekodiwa zamani, enzi za makola mapana na nywele zilizotimuliwa. Jokofu lile bila shaka lilikuwa limeshageuka chuma chakavu, na mwanamke yule ameshakuwa bibi wa wajukuu. Lakini pale Skärholmen, viungani mwa Stockholm, ghorofa ya tano, mwaka 2009, mama wa watu alishangilia upya kabisa, na Jean-Bosco alimshangilia pamoja naye kwa mkono mmoja, ule wa kushoto, akijipiga rimoti pajani.

"Karibu," akasema Jean-Bosco.

Neno hilo lilimtoka vizuri. Maneno mafupi yote yalimtoka vizuri. Marefu ndiyo yaliyokuwa yakimkwama, tangu kiharusi kilipomwangusha na kumlemaza mkono wa kulia, majira ya baridi ya mwaka uliopita, akiwa zamuni katika kiwanda cha kufulia mashuka. Siku hizi sentensi yake ilianza na maneno kumi ikafika na mawili, na mara nyingine hayo mawili hayakuwa yale aliyoyataka.

"Asante, Baba Mélissa," akajibu Emérithe, bila kuvua koti.

Kwa miaka mingi desturi yake ilikuwa moja. Anaingia, anapita sebuleni bila kusimama, anakwenda moja kwa moja jikoni na koti lake, anabandika sufuria, ndipo anakumbuka kulivua. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kutwa nzima alipanda na kushuka ngazi za watu, akawaogesha, akawavalisha soksi zile za kubana miguu, akawapashia moto samaki wao, akasikiliza habari za watoto wao wasiokuja kuwaona. Akifika kwake, mikono imeshaisha. Hakuwa amebakiwa na hata mmoja wa kumshika mumewe bega. Usimlaumu, na wewe ungekwenda jikoni.

Ila majuma yale hakwenda jikoni. Alikaa. Alikaa ukingoni mwa kochi na koti lake mwilini na mkoba mapajani, kwa sababu alikuwa na neno la kumwambia mumewe, na neno lenyewe halikuwa likitoka.

Neno lilikuwa hili: Jumamosi, wageni watakapokuja kumposa Mélissa, msemaji wa familia hatakuwa Jean-Bosco. Atakuwa Onesphore.

Ili uone uzito wa neno hilo, inabidi umjue Jean-Bosco wa zamani. Kwa Warundi, kijana hajiposei, na baba haulizwi mambo ya binti yake uso kwa uso. Kila upande una msemaji wake. Wageni wanafika, wanakaa upande wao, na msemaji wa wenyeji anawakaribisha kama mtu asiyejua lolote. Mmepotea njia? Gari limeishiwa mafuta? Mnamtafuta daktari? Msemaji wa wageni naye anazunguka huko na huko, anasifu nyumba, anauliza habari za ng'ombe ambao hakuna aliyewaona tangu watu waikimbie nchi. Kila mtu anajua kilichowaleta. Binti yuko chumba cha pili ameshapambwa, chakula kiko motoni, shangazi wameshaanza kulia machozi ya furaha. Lakini kukitaja upesi ni utovu wa adabu. Raha yote iko katika kutojua.

Na Stockholm nzima, kuanzia huku kusini mpaka Hjulsta mwisho wa reli, hapakuwa na mtu aliyejua kutojua kama Jean-Bosco. Aliwahi kukana kwamba nyumba fulani ina binti mpaka mjomba wa bwana harusi akafungua tai na kuomba maji. Watu walicheka wakashika mbavu. Nusu ya ufundi huo alirithi kwa wazee wake. Nusu nyingine, mtaniwia radhi, aliipata Marekani. Alipokuwa kijana Bujumbura, jirani yao alikuwa na deki na kanda alizoachiwa na mmisionari mmoja, na kanda zile zilijaa vipindi vya maswali na bahati nasibu. Kiingereza hakukijua. Aliwatazama watangazaji tu: wanaume wenye viatu vinavyong'aa na kipaza sauti chembamba, wanaomwinamia mama wa nyumbani kutoka mji usiojulikana na kumuuliza jina lake kana kwamba hawajawahi kutaka kujua jambo lingine duniani.

"Mtazameni," alikuwa akiwaambia vijana waliotaka kujifunza usemaji. "Ana kadi mkononi. Jibu limeandikwa pale. Mtangazaji anajua jibu. Kazi yake ni kujifanya hajui, ili yule mwenzake apate nafasi ya kulisema mwenyewe."

Mtu huyo ndiye aliyesimama Pasaka ile, kwenye sherehe ya ubatizo kule Hjulsta, kuwakaribisha wageni, ikiwa mara yake ya kwanza tangu augue. Alianza vizuri. Kisha neno likamkwama, akalitafuta, akapata lingine, akalitupa, akasimama na mdomo wazi. Ukumbi ukanyamaza. Mtoto mmoja akacheka. Kijana mmoja mwenye huruma akamrushia neno kutoka nyuma, na mwingine akamrushia lake, mpaka watu wote wakawa wanamkisia, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Emérithe akaenda kumshika mkono, akamketisha. Wakiwa njiani kurudi, Jean-Bosco aligeukia dirisha la treni safari nzima, na sehemu kubwa ya njia yenyewe ilikuwa chini ya ardhi, hakuna cha kutazama.

Juma lililofuata Onesphore alimsubiri Emérithe mlangoni pa maduka, pale Skärholmen. Onesphore alikuwa rafiki wa Jean-Bosco tangu ujana, mtu mrefu, mpole, aliyemzoea mwenzake kiasi kwamba walikuwa wakigombana kwa kukohoa tu. Siku hiyo alikuwa akihangaika na kofia yake kama mtu aliyetumwa.

"Shemeji," akasema, "siku ya Mélissa inakaribia. Sasa mimi nauliza. Kama unaona vema, nisimame mimi?"

"Simama wewe," akasema Emérithe.

Alisema upesi mno. Alijisikia mwenyewe alivyosema upesi, uso ukamwaka. Kwa maana Mélissa alikuwa binti wa marehemu Gilles, mdogo wake Jean-Bosco, waliyemlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na Jean-Bosco alikuwa amemwahidi tangu hapo: siku yako ikifika, nitakukana mpaka watu wa watu walie.

"Lakini usimwambie," akaongeza. "Nitamwambia mwenyewe."

Onesphore akatazama viatu vyake. "Haya, shemeji. Wewe ndiye utakayemwambia."

Basi ndiyo habari ya kukaa ukingoni mwa kochi. Kila jioni Emérithe alipanda lifti akiwa amepiga moyo konde, na kila jioni alimkuta mumewe yuko mbele ya watangazaji wake, kwenye chaneli ile ya vipindi vya kale, maandishi ya Kiswidi yakikimbia chini ambayo hakuna kati yao aliyeyasoma. Palikuwa na gurudumu la kuzungushwa. Palikuwa na mapazia matatu, na mtu aliyeshika zawadi yake tayari mkononi akishawishiwa aiache achague pazia. Jean-Bosco alimwonyesha kidole kila mmoja, akimkaripia kwa jicho: usiache, mjinga wewe, shika ulichonacho. Kisha akaiinua rimoti, akajaribu: "Jina lako?" Akajaribu tena. "Unatoka wapi?" Alikuwa akifanya mazoezi. Emérithe aliyaona mazoezi hayo, akajua ni ya Jumamosi.

Tena alikuwa amechangamka, hilo ndilo lililomuudhi. Mtu ambaye tangu Pasaka alikuwa hanyanyui uso, sasa alinyoa mapema, alivaa shati, akajifunza kuchemsha maji kwa mkono mmoja. Jumanne Emérithe alikuta vikombe viwili vya chai mezani, kimoja mbele yake yeye, na mto wa kochi umesogezwa ili apate pa kuegemea. Akaona: anajiandaa kwa siku yake, furaha imempanda kichwani. Kwa dakika hiyo, kusema kweli, alimchukia kidogo. Angekuwa na huzuni ingekuwa rahisi kumwambia.

Jumatano alijaribu kabisa. "Baba Mélissa," akasema.

Jean-Bosco akapunguza sauti ya televisheni. Akamgeukia mwili mzima, akatulia, akangoja. Hakuna aliyewahi kungoja vile nyumbani mwao. Katika nyumba yao kila mtu alikuwa na haraka ya mahali fulani. Emérithe akayaona macho yake, yale yale yaliyokuwa yakiwafanya wajomba wa watu waombe maji, na neno likarudi lilikotoka.

"Umekunywa dawa?"

"Ndiyo."

"Vizuri."

Akainua kikombe, akanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Aliimaliza yote, akakaa mpaka kipindi kikaisha, akakaa na kilichofuata, na mara moja hata akacheka, mzee mmoja wa kipindini alipozungusha gurudumu kwa nguvu likamvuta naye. Jean-Bosco alimtazama akicheka, hakutazama televisheni tena.

Mélissa alipiga simu kila siku. Alikuwa akifanya kazi ya duka la dawa, akizungumza upesi kama foleni iko nyuma yake. "Mamma, har du sagt det?" Je, umemwambia?

"Bado."

"Mamma!"

"Nitamwambia. Nimechoka, mwanangu. Nitamwambia kesho."

Na hakuwa akitafuta kisingizio. Uchovu aliokuwa nao haukuwa wa miguu tu. Ulikuwa wa kuwasemesha watu taratibu kutwa, wa kusema "haya, tuinue mkono huu, vizuri sana" kwa watu wasiokuwa wake, na kurudi nyumbani ukamkute wako naye anataka kuinuliwa mkono. Kumwondolea huyu kitu kimoja alichobakiwa nacho kulihitaji nguvu, naye nguvu alikuwa amezigawa zote kabla ya saa kumi.

Jumamosi ikafika bila neno kusemwa.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja kule Upplands Väsby, ndio uliopatikana. Alipanga kumwambia kwenye treni, lakini treni ilijaa watu wa uwanja wa ndege na masanduku yao, na msichana mmoja alimpisha Jean-Bosco, akapata kiti mbali na mkewe. Walipofika alimvuta kwenye ujia wa nyuma, karibu na makoti, akajifanya anamrekebishia tai.

"Baba Mélissa. Kuna neno."

Jean-Bosco akangoja.

"Kuna neno nilitaka..."

"Wageni wameingia!" shangazi mmoja akapaza sauti kutoka jikoni. Jean-Bosco akamgusa mkewe shavuni kwa mkono wake mzima, akachukua fimbo, akaenda zake ukumbini. Emérithe akabaki na makoti. Alitamani aingie ndani ya mojawapo alifunge vifungo.

Alipoingia, watu walikuwa wameshakaa pande mbili. Wageni walikuwa Wakongo wa Uvira, na msemaji wao alikuwa Baudouin, mjomba wa bwana harusi Arsène, mtu mwenye tumbo la heshima na suti ya rangi ya divai. Shughuli ilikuwa iendeshwe kwa Kiswahili: Kirundi wageni hawakijui, Kifaransa vijana wamekisahau, na Kiswidi hakina mzunguko wa kuposa, ukiuliza kwa Kiswidi unajibiwa. Upande wa wenyeji Onesphore alikuwa amesimama karibu na meza yenye kipaza sauti. Na Jean-Bosco alikuwa anaiendea meza hiyo hiyo, fimbo ikigonga sakafu.

Aliweka fimbo mezani. Akachukua kipaza sauti.

Ukumbi ukanyamaza, na ukimya ule Emérithe aliutambua, ni ule wa Pasaka. Aliona watu wakiinamisha nyuso. Alimwona Onesphore ameganda. Alitaka kukimbia akamshike mumewe mkono, lakini meza ilikuwa mbali, na aliwaza kwamba yote haya ni kwa sababu yake, kwamba jioni zote zile alikosa ujasiri wa neno moja, na sasa mume wake anakwenda kuaibika mbele ya watu wa nchi mbili.

Jean-Bosco hakuwageukia wageni. Alitabasamu, akauacha ukimya ukae kidogo, kisha akamwinamia Onesphore kana kwamba hajawahi kumwona maishani.

"Jina lako?"

"Mimi? Naitwa Onesphore."

"Unatoka wapi?"

"Hjulsta," akasema Onesphore, na pembe za mdomo wake zikaanza kucheza. "Mwisho wa reli, mzee. Baada ya pale ni msitu."

Watu wakacheka.

"Umeoa?"

"Nimeoa. Mke wangu yule pale, ananitazama vibaya."

Ukumbi ukaangua kicheko, wageni kwa wenyeji. Jean-Bosco akasubiri kicheko kipungue, kama mtu aliyelipwa kwa kusubiri. Kisha akauliza taratibu, uso ukiwa umetulia: "Uko tayari?"

"Niko tayari."

Jean-Bosco akampa kipaza sauti, akachukua fimbo yake, akaenda kukaa kwenye kiti cha baba. Watu walipiga makofi mpaka Baudouin naye akajikuta anapiga.

Shughuli ikaenda. "Sisi tumekuya tu kusalimia," akaanza Baudouin. "Tulikuwa tunapita njia, tukasikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, bon, tukasema tuingie."

"Karibuni," akasema Onesphore. "Sombe ipo. Zaidi ya sombe sijui mnatafuta nini. Nyumba hii ni ya wazee wawili na televisheni."

Kila alipofika njia panda, Onesphore alimtazama Jean-Bosco, na Jean-Bosco akatikisa kichwa kidogo: bado, endelea kukana. Baudouin akasifu nyumba. Akasifu ng'ombe. Akafungua kifungo cha koti, na hatimaye akaomba maji, na upande wa wenyeji wakashangilia. Alipokwisha kulitaja ua alilosikia linachanua katika nyumba ile, Onesphore akasema, "Ngoja niulize mwenye nyumba kama kuna ua," akamsogezea Jean-Bosco kipaza sauti.

Jean-Bosco aliwaacha wangoje. Akatazama dari, akatazama viatu vya Baudouin, akatazama kiganja chake kama mtu anayesoma kadi. Arsène, masikini, alikuwa ameacha kupumua.

"Yupo," akasema.

Na Mélissa akatolewa chumba cha pili, analia, urembo wote wa macho umemshuka mashavuni.

Waliporudi jua lilikuwa bado liko juu, kama lilivyo huko mwezi wa tano, halina nia ya kwenda popote. Treni ilikuwa tupu. Walikaa bega kwa bega. Emérithe alishindwa kungoja wafike nyumbani.

"Nani alikwambia?"

"Mimi."

"Wewe nini? Nani alikwambia kwamba ni Onesphore?"

Jean-Bosco akatafuta. Emérithe akamwona anavyotafuta, na kwa mara ya kwanza hakumrushia neno.

"Nilimtuma," akasema mumewe. "Mimi. Pasaka. Nilimtuma... kwako."

Ikamjia: ile kofia iliyokuwa ikizungushwa mkononi, vile viatu vilivyotazamwa. Kwa hiyo alijua. Alijua Jumatatu, alijua Jumatano alipopunguza sauti akamgeukia, alijua pale kwenye makoti. Hasira ikampanda, na haya juu ya hasira. "Ukaniacha! Jioni zote hizo, Baba Mélissa, nakaa pale nakufa na koti langu, nawe unanitazama tu, unajua! Kwa nini hukusema unajua?"

"Ungesema," akaanza Jean-Bosco. "Ungeshasema..."

"Eh. Ningeshasema. Halafu?"

Alitafuta muda mrefu. Treni ikasimama, ikaondoka. Neno alilolipata lilikuwa moja, na alilisema kwa upole, bila lawama.

"Jikoni."

Emérithe akatazama nje. Aliviona vile vikombe viwili, ule mto uliosogezwa, sukari nyingi, na uso wa mumewe akimtazama yeye akicheka badala ya televisheni. Aliona miaka mingi ya koti likipita sebuleni. Ilimuuma kiasi kwamba alishika ukingo wa kiti. Alitaka kujitetea, kusema habari za ngazi na soksi na samaki, na zote zingekuwa kweli, lakini hakuwa ameulizwa hizo.

Walikuwa wanakaribia mjini. Jean-Bosco akamgeukia mwili mzima.

"Kesho?"

"Kesho nina zamu, unajua. Asubuhi mpaka saa kumi."

"Jioni?"

Akangoja, wala hakumharakisha. Emérithe alijua jinsi atakavyokuwa kesho jioni, miguu ikimwaka moto, mgongo umekatika, na hakutakuwa na siri tena ya kumkalisha.

"Jioni nitakaa," akasema.

"Na... chakula?"

"Tutakula mkate."